Mvinyo wa Mapovu: Namna ya Kuijua Chupa Kabla ya Kuinunua

Shabaha ya somo

Somo hili linakusudia kumfundisha mlaji mambo matatu. Kwanza, atambue mapovu yaliyomo katika chupa yametoka wapi. Pili, aisome lebo hata amjue aliyelima zabibu na aliyeijaza chupa. Tatu, ajue kuihifadhi na kuifungua chupa hiyo pasipo kumdhuru mtu. Mwishoni tumeweka maswali ya kujipima, ambayo yaweza kujadiliwa nyumbani, katika kikundi cha akina mama, au katika kamati ya sherehe.

Mifano yetu tumeitoa Dakawa, wilayani Mvomero, kwa sababu iliyo wazi. Dakawa imekaa kando ya barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro. Mvinyo wa Dodoma hushuka kwa barabara hiyo kuelekea pwani, na chupa zilizoingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam hupanda kwa barabara hiyo hiyo. Mlaji wa Dakawa basi hukutana na chupa za aina zote mbili, mara nyingi katika duka moja. Na siku ya harusi au kipaimara, chupa yoyote itoayo mlio na povu huitwa kwa jina moja tu: shampeni. Jina hilo moja hufunika vitu vinne visivyofanana kwa bei, kwa ubora, wala kwa usalama.

1. Mapovu hutoka wapi?

Zabibu zikikamuliwa, hamira hula sukari iliyomo katika mchuzi wake, nayo hutoa vitu viwili: kilevi na hewa ukaa. Katika mvinyo wa kawaida hewa hiyo huachwa itoroke, na kinywaji hutulia. Mvinyo wa Dodoma unaofahamika zaidi, mwekundu kwa mweupe, ni wa aina hii iliyotulia. Ili mvinyo uwe na mapovu, hewa lazima ifungiwe ndani. Yako njia nne ambazo kwazo hewa huweza kuwamo katika chupa.

Njia ya kwanza ni kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa yenyewe. Mvinyo uliokwisha kutulia hutiwa hamira na sukari iliyopimwa, takriban gramu 24 kwa lita, kisha chupa hufungwa. Hewa isiyo na pa kutokea huyeyuka ndani ya mvinyo, na presha hufika karibu mara tatu ya ile ya tairi la gari dogo. Chupa hulazwa kwa miezi mingi. Huko Champagne nchini Ufaransa sheria inataka isipungue miezi 15 kabla ya kuuzwa. Baadaye chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi mashapo ya hamira yashuke shingoni. Shingo hugandishwa kwa baridi kali, kifuniko cha muda huondolewa, na presha huyarusha mashapo nje. Ndipo kizibo cha kudumu hutiwa na kufungwa kwa waya.

Njia ya pili ni kuchachusha mara ya pili katika tangi kubwa lililofungwa, kisha mvinyo hujazwa katika chupa ukiwa na mapovu yake. Njia hii huchukua muda mfupi zaidi, na gharama yake ni ndogo. Mvinyo wake waweza kuwa mzuri kabisa.

Njia ya tatu ni kusukumia gesi katika kinywaji kwa mashine, kama ifanyikavyo kwa soda. Kinywaji hicho chaweza kuwa mvinyo, au chaweza kuwa juisi ya zabibu isiyo na kilevi hata kidogo. Hakuna kosa katika njia hii, mradi lebo iseme kweli.

Njia ya nne ni ya ajali. Mtu hujaza mvinyo ambao haujamaliza kuchachuka katika chupa ya plastiki au chupa ya bia iliyokwisha kutumika, na kuufunga. Hamira huendelea kula sukari iliyobaki. Joto la njiani huiharakisha. Na mnunuzi aonapo povu hudhani kwamba amepata kitu cha thamani. Povu la namna hii ni dalili kwamba kazi haikukamilika. Chupa hiyo haikutengenezwa kubeba presha, na ikiwa ni ya kioo yaweza kupasuka mkononi au katika buti la gari.

Jambo la msingi katika somo hili ni kwamba povu peke yake halithibitishi chochote. Njia zote nne hutoa povu. Kinachotofautisha ni taarifa zilizoandikwa kwenye chupa, na kama taarifa hizo zaweza kuhakikiwa.

2. Kwa nini familia za wakulima wa zabibu huuza mchuzi kuliko mapovu?

Mizabibu ya Dodoma ilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana katika karne iliyopita, na leo kituo cha utafiti cha Makutupora kinaendelea kuwahudumia wakulima kwa miche na maarifa. Wengi wa wakulima hao ni familia zenye ekari chache. Huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu za mvinyo zikishakatwa hazingoji: zisipokamuliwa mapema huharibika. Mkulima asiye na mashine wala tangi hulazimika kumkubalia mnunuzi aliyefika, kwa bei aliyokuja nayo. Mwenye uwezo kidogo hukamua na kuhifadhi kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu, akauuza kwa viwanda vya mvinyo.

Zabibu si kikwazo. Aina ya Chenin Blanc, ambayo hulimwa Dodoma, ndiyo itumikayo kutengeneza mvinyo wa mapovu katika bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na pia Afrika Kusini. Kikwazo ni mtaji. Chupa ya mapovu huhitaji kioo kinene, kizibo cha pekee, waya, chumba cha baridi, na fedha za kumtunza mkulima kwa miezi yote ambayo mvinyo umelala haujauzwa. Familia inayosubiri ada ya shule haiwezi kungoja miezi 15.

Kwa hiyo mlaji akiambiwa kando ya barabara kwamba chupa fulani ni "shampeni ya mkulima mdogo wa Dodoma", tena kwa bei ya soda mbili, anayo haki ya kuuliza. Na afanye hesabu. Chupa moja ya sentilita 75 huhitaji zaidi ya kilo moja ya zabibu, takriban kilo moja na robo. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kilo moja inauzwa shambani kwa shilingi 1,500. Zabibu za chupa moja zitakuwa zimegharimu karibu shilingi 1,900, kabla ya kioo, kizibo, sukari, kazi, usafiri na ushuru. Bei ya dukani ikikaribia gharama ya zabibu peke yake, basi ama zabibu hazimo, ama mkulima hakulipwa.

3. Jina la mahali ni mali ya nani?

Mkulima wa mpunga wa Dakawa hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Akiuona mchele wa jaruba lake ukiuzwa mjini kwa jina la mahali pengine penye sifa, atajua kwamba wawili wameibiwa: mnunuzi, aliyelipia jina asilolipata, na mkulima wa mahali pale, ambaye sifa yake imetumika bila idhini.

Wakulima wa Champagne walipatwa na mambo hayo hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mizabibu yao ilikuwa imeshambuliwa na wadudu na mavuno yalikuwa mabaya, huku baadhi ya wafanyabiashara wakileta zabibu za mbali na kuuza mvinyo wake kwa jina la Champagne. Mwaka 1911 hasira ilifurika, na maghala ya mvinyo yakachomwa moto katika mji wa Aÿ. Baada ya misukosuko hiyo mipaka ya eneo iliwekwa kwa sheria, na tangu mwaka 1936 jina hilo limelindwa rasmi. Champagne ni jina la mahali. Mvinyo wa mapovu wa kwingineko huitwa kwa majina mengine, kama Cava ya Hispania au Prosecco ya Italia.

Huko Champagne lebo pia humtaja mtengenezaji kwa herufi mbili ndogo. RM humaanisha kwamba aliyelima zabibu ndiye aliyetengeneza mvinyo. CM ni chama cha ushirika cha wakulima. NM ni kampuni inayoweza kununua zabibu kutoka kwa wengine. Herufi hizo hazisemi chupa ipi ni tamu zaidi. Zinamwambia mlaji fedha yake inamfikia nani kwanza.

Nasi tunayo kanuni iliyo karibu na hiyo. Katika ushuru wa bidhaa, mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimezalishwa nchini umewekewa kiwango nafuu kuliko mvinyo mwingine. Mlaji anayetaka kumuunga mkono mkulima wa Dodoma asitosheke na picha ya kichala cha zabibu kwenye lebo. Atafute maneno yanayosema zabibu zimelimwa wapi na mvinyo umejazwa wapi. Hayo ni mambo mawili tofauti: mvinyo waweza kujazwa Tanzania hali umetoka nje ukiwa katika pipa.

4. Mambo ya kukagua dukani

Tunamshauri mlaji aishike chupa mkononi, aigeuze, na akague mambo yafuatayo kabla ya kutoa fedha.

Jina la kinywaji. Je, ni mvinyo wa mapovu, mvinyo uliotiwa gesi, au juisi ya zabibu yenye gesi? Maneno hayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya chupa, huku mbele pakiwa na dhahabu na nakshi.

Kiasi cha kilevi. Mvinyo mwingi wa mapovu huwa na asilimia 11 hadi 12.5, ingawa ile mitamu yaweza kuwa na pungufu. Familia ambayo dini au afya yake imekataza kilevi itafute chupa iliyoandikwa asilimia 0.0. Umbo la chupa na mlio wa kizibo si ushahidi wa lolote, kwa kuwa chupa za juisi hutengenezwa zifanane na za mvinyo. Kamati ya sherehe na isome lebo mapema, ili mzee aliyealikwa kwa heshima asije akanyweshwa asichokinywa.

Jina na anwani ya mtengenezaji, ujazo, namba ya toleo na nchi ilikotoka. Chupa isiyo na anwani haina wa kumlalamikia.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, kwa mvinyo uliotengenezwa nchini. Hapa twataka kuondoa dhana moja iliyozoeleka, kwamba mjasiriamali mdogo hana uwezo wa kupata alama hiyo. Shirika limekuwa likiwahudumia wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO, bila kuwatoza ada katika miaka ya mwanzo. Tumwonee huruma mzalishaji mdogo kwa kununua bidhaa yake. Tusimwonee huruma kwa kukubali chupa isiyo na lebo.

Stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mfumo huu ulianza mwaka 2019, na mvinyo ni miongoni mwa bidhaa za mwanzo kuwekewa stempu. Mwenye simu janja aweza kuihakiki kwa programu iitwayo Hakiki Stempu. Stempu iliyochanika, iliyobanduliwa na kubandikwa tena, au isiyosomeka ni sababu tosha ya kuirudisha chupa rafuni.

Taarifa za salfaiti. Hiki ni kihifadhi kitumikacho sana katika mvinyo. Mtu mwenye pumu aweza kudhurika nacho, hivyo asome kabla ya kuonja.

5. Maneno ya utamu yasikupotoshe

Chupa nyingi zitokazo nje hutaja kiasi cha sukari kwa maneno ya kigeni, na maana yake humshangaza msomaji. Brut ni mvinyo wenye sukari chini ya gramu 12 kwa lita. Extra Dry, ingawa maana ya maneno yake ni "mkavu zaidi", una sukari nyingi kuliko Brut: gramu 12 hadi 17. Sec ni gramu 17 hadi 32, Demi-Sec ni gramu 32 hadi 50, na Doux huzidi gramu 50.

Chupa ya Demi-Sec yenye gramu 40 kwa lita itakuwa na gramu 30 za sukari, yaani karibu vijiko saba vya chai. Hata hivyo, juisi ya zabibu yenye gesi yaweza kuzidi gramu 100 kwa lita, kwa kuwa sukari yake haikuliwa na hamira. Mgonjwa wa kisukari asidhani kwamba kisicho na kilevi hakina madhara kwake.

6. Kuhifadhi na kufungua

Joto huongeza presha. Chupa ya mapovu isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, wala karibu na jiko, wala kibarazani mwa duka. Isiwekwe pia katika friza ikasahauliwa, kwa maana kioo chaweza kupasuka. Ilazwe au isimamishwe mahali penye kivuli na ubaridi, na siku ya sherehe ipoozwe vizuri: saa tatu katika jokofu, au nusu saa katika ndoo ya maji yenye barafu. Pasipo na jokofu, barafu itosheleze chupa zote, si ile ya meza kuu tu. Chupa yenye joto ndiyo irushayo kizibo.

Kizibo kilichoruka chaweza kufikia mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na jicho halina muda wa kujikinga. Kwa sababu hiyo tunawasihi washereheshaji waache desturi ya kuitikisa chupa na kuielekeza kwa wageni. Utaratibu ulio salama ni huu:

Ondoa karatasi ya juu. Weka kidole gumba juu ya kizibo na usikiondoe hadi mwisho. Legeza waya kwa kuuzungusha, kwa kawaida nusu mizunguko sita. Iinamishe chupa kiasi cha nusu ya pembe mraba, shingo ikielekea pasipo na mtu, wala taa, wala dirisha. Funika kizibo kwa kitambaa. Kishike kizibo kwa nguvu, kisha uzungushe chupa kwa kuishika kitakoni, taratibu. Kizibo kitasukumwa na presha yenyewe; kazi ya mkono ni kukizuia kisitoke kwa haraka. Mlio ufaao ni mnong'ono.

Kilevi hakiuzwi wala kupewa mtoto wa chini ya miaka 18. Mama mjamzito asikitumie. Na kwa kuwa wageni wengi wa Dakawa hurejea makwao kwa barabara kuu yenye malori usiku kucha, dereva na asinywe hata kama toasti ni ya glasi moja. Amwagiwe soda, nayo ni ya heshima sawa.

7. Ukiona umedanganywa

Dai risiti kila ununuapo, hata kama muuzaji ni jirani au shemeji. Ukigundua kwamba kilichomo hakilingani na kilichoandikwa, usimwage kinywaji wala kutupa chupa. Iache lebo, kizibo na stempu kama vilivyo, piga picha, kisha umrudie muuzaji na umweleze kwa utulivu. Akikataa, peleka malalamiko yako panapohusika: jina la uongo au maelezo ya kupotosha ni mambo ya Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ubora na usalama wa kinywaji ni wa TBS, ujazo uliopunjwa ni wa Wakala wa Vipimo, na stempu bandia ni ya Mamlaka ya Mapato. Usipojua uanzie wapi, ofisi ya biashara ya halmashauri yako itakuelekeza.

Mlaji aliyenyamaza kwa sababu chupa ilikuwa ya bei ndogo humwachia jirani yake hasara ile ile. Naye humwumiza mkulima mwaminifu aliyelipa ushuru, akabandika lebo ya kweli, na ambaye bidhaa yake inaonekana ghali kwa sababu tu imesimama rafuni kando ya udanganyifu.

Maswali ya kujipima

1. Taja njia nne ambazo kwazo mapovu huweza kuwamo katika chupa. Ni ipi iliyo ya hatari, na kwa nini?

2. Chupa imeandikwa "imejazwa Tanzania" wala haikutaja zabibu zimelimwa wapi. Je, waweza kusema kwa hakika kwamba umemnunulia mkulima wa Dodoma?

3. Kati ya Brut na Extra Dry, ni upi wenye sukari zaidi?

4. Kamati ya harusi imepewa chupa kumi zisizo na lebo, kwa maelezo kwamba ni juisi. Baadhi ya wageni hawatumii kilevi. Kamati ifanye nini?

5. Chukua chupa yoyote ya kinywaji iliyomo nyumbani mwako sasa. Andika jina la mtengenezaji, anwani yake, ujazo na nchi ilikotoka. Ni taarifa gani imekosekana?